Kuhani Aliyenukia Mkate

Watu waliomwona jukwaani hawakukubali ukiwaambia kwamba yule mzee alikuwa mpishi wa mikate. Walitaka awe ametoka mahali pa ajabu. Wengine walidai alilelewa na waganga mpakani Uganda, wengine wakasema aliwahi kupotea msituni akarudi akiwa na mvi kichwa kizima. Mimi niliyemshonea joho lake, na kulishona tena kila lilipopasuka kwenye makwapa, nilijua harufu yake ilikuwa ya unga, hamira na moshi wa tanuri. Mvi zake nazo, kwa hesabu yangu, nusu zilikuwa uzee na nusu zilikuwa unga ambao hakuwa na muda wa kuupangusa. Alitoka kazini mchana, akalala kidogo, na jioni akaja mazoezini akiwa amekunja mkate wa moto kwenye gazeti, wa kugawana.

Tulimwita Kuhani. Jina lake la ubatizo nalijua, na la nyumbani pia, lakini sikumbuki kumwita kwa lolote kati ya hayo, na nikiyatumia sasa nitakuwa kama ninamsema mtu mwingine. Hata mke wake alifika mahali akawa anatuuliza, Kuhani amekula? Wanunuzi wa mikate pale karibu na stendi walimwita hivyo hivyo, bila kucheka, na yeye aliitika bila kucheka.

Kikundi chetu kilikuwa cha mtaa wa Kaloleni, Kisumu, miaka ya themanini. Kiongozi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyetunga michezo yote. Mfalme alikuwa fundi baiskeli mwenye kifua kipana na kumbukumbu fupi. Askari walikuwa vijana wa soko la Kibuye, waliokuja au wasije kutegemea biashara ilivyokuwa siku hiyo. Mimi nilikuwa mshonaji, binti wa Kiislamu, na mama yangu aliruhusu nikae na kikundi kwa sharti kwamba nishone tu. Lakini joho la Kuhani nililishona kwa magunia ya mkonge na manyoya ya kuku, likawa zito mno kuburutwa na mtu mmoja. Lazima mtu alishike nyuma. Ndivyo nilivyogeuka kuwa mtumishi wa Kuhani, nikitembea nyuma yake na beseni la maji, na mama akaambiwa kwamba huko ni kushona pia.

Mchezo uliotupa jina ulihusu Lumira, dola ya kale ambayo Mwalimu aliibuni yote kichwani mwake. Ulikuwa mji wa mawe ndani ya msitu mnene ambamo jua lilifika kwa taabu. Mizizi ilishika kuta, chui walilala barazani kwa mfalme, na kuhani wao alikuwa ameishi muda mrefu kuliko ukoo wowote wa wafalme. Aliamuru mitambaazi ifunge njia, nayo ikafunga. Aliona yajayo ndani ya maji. Mwalimu mwenyewe, nadhani, hakuwahi kuona miti mingi kuliko ile ya ua wa kanisa lao, lakini alivyoandika ungedhani alizaliwa huko na kubebwa mgongoni na nyani.

Na Kuhani aliyacheza yale mambo vizuri, Mungu ni shahidi. Hakupaza sauti. Aliingia, akasimama, akanyamaza mpaka watu wamalize kukohoa. Halafu alisimama tena kidogo, mpaka nikaanza kuogopa kwamba amesahau maneno. Ndipo aliposema neno la kwanza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeongea na jirani ukutani, na ukumbi mzima ukajisogeza mbele. Nilimwuliza alijifunzia wapi kunyamaza namna ile. Akaniambia kwamba ukifungua tanuri mapema mkate unaanguka katikati. Kwake kila kitu kilikuwa na tanuri. Msichana aliyeposwa mapema, uchaguzi wa udiwani, mchezo uliohitaji mazoezi zaidi, vyote alivihukumu kwa maneno yale yale: "Tanuri bado."

Huyu bwana wa msitu alikuwa mwoga wa msitu kupita kiasi. Mwaka mmoja Mwalimu alitupeleka kwenye msitu wa Kakamega ili tuone miti ya kweli na tuache kuigiza kama watu waliosimama sokoni. Kuhani alifika ukingoni, akatazama ndani, akasema yeye atakaa pale na chakula. Tulimcheka, tukamvuta mkono, mfalme akampigia magoti. Hakuingia. Alituambia kwa utulivu kwamba nyoka hawajui kama yeye ni Kuhani. Tuliporudi tukakuta amekula mayai karibu yote, na hakuona haya.

Alikuwa pia mzee wa kanisa, na si mzee wa jina tu. Jumapili alivaa suti ya kijivu, akasimama mlangoni pa kanisa lao kule Nyalenda, akawakazia macho waliochelewa mpaka wakaingia wameinama. Alipitisha kapu la sadaka. Aliimba besi, sauti nene iliyofanya viti vitetemeke kidogo, na majirani zangu Wakristo waliniambia kwamba Jumapili asipokuwepo nyimbo zilikosa sakafu. Nilipokuwa mdogo na mtundu nilimwuliza anapatanishaje mambo haya mawili, Jumamosi kuita mizimu ya mitambaazi na Jumapili kuita Roho Mtakatifu. Hakukasirika. Alisema, "Nyathina, Jumamosi nadanganya watu na ruhusa yao. Wamekuja wakijua. Hiyo si dhambi, hiyo ni kazi." Aliniita hivyo, nyathina, mwanangu, tangu siku ya kwanza nilipomshikia joho, na sikumbuki jirani mwingine wa dini nyingine aliyeniita hivyo nikaona ni haki yake.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na majivuno, na majivuno yake yote yalikaa kwenye joho lile. Ukilikanyaga alikununia wiki nzima. Hakukubali kupigwa picha akiwa amelivaa, kwa sababu picha ingeonyesha magunia. Na zaidi ya yote hakuvumilia kuchekwa akiwa Kuhani. Nje ya jukwaa ungemtania utakavyo, kuhusu mayai, kuhusu nyoka, angecheka kuliko wewe. Akishavaa, kicheko kilimwingia kama mchanga kwenye kiatu.

Sasa, katika mchezo wa Lumira kulikuwa na laana. Mfalme alimpa taji mwana mdogo akamruka mkubwa, na Kuhani akasimama mbele yake kumlaani. Maneno ya laana Mwalimu aliyatunga kwa lugha isiyokuwepo, zimba na ramba nyingi zilizofuatana, akisema hiyo ndiyo lugha ya Lumira. Kisumu watu walivumilia. Lakini tulipoigiza Muhoroni, wakata miwa waliokuwa wamesimama nyuma waliyashika yale maneno wakaanza kuyaimba, ukumbi ukaangua kicheko, na Kuhani akabaki na fimbo juu hajui aishushe vipi. Mazoezini wiki iliyofuata alimwambia Mwalimu kwamba yeye haisemi tena lugha ile ya kitoto. Mwalimu akasema mchezo ni wake. Walizozana mpaka fundi baiskeli akalala kwenye kiti chake cha enzi.

Baadaye tukaalikwa Ahero. Mkulima mmoja wa mpunga, mtu mwenye nafasi yake pale, alitupa trela lake liwe jukwaa letu uwanjani. Kwa shukrani tulimweka kiti cha mbele kabisa. Trela lilikuwa dogo, kiti cha enzi hakikuenea juu, kwa hiyo Mwalimu akaamua mfalme akae chini, mbele ya watu, Kuhani amlaani kutoka juu. Kiti cha mfalme kikawekwa karibu na cha mwenye trela, bega kwa bega. Hakuna aliyefikiri chochote. Mimi ndiye niliyevipanga viti vile.

Hatukujua, kwa sababu sisi tulikuwa watu wa mjini na hakuna aliyetuambia, kwamba mkulima yule alikuwa na wana wawili watu wazima, na kwamba alikuwa amemsaidia mdogo kutoka na kujenga boma lake mwenyewe kabla ya mkubwa. Kwa Wajaluo hilo si jambo dogo. Watoto hufuatana katika kuoa na katika kujenga, na anayeruka mpangilio anaiita chira, ule ugonjwa unaokula watu wa nyumba polepole mpaka makosa yasawazishwe. Mkulima alikuwa na sababu zake. Mkubwa alikunywa wakati ule, mdogo alikuwa na bidii. Majirani walinong'ona, naye akajifanya hasikii.

Kuhani alipofika kwenye laana akaiacha ile lugha ya Mwalimu. Akashuka kwenye Kijaluo. Hakupanga, aliniapia hivyo baadaye, ila alikuwa amesikia babu yake akimlaani mtu utotoni, na maneno yakaja yenyewe. Wewe uliyemtanguliza mdogo mbele ya mkubwa, alisema, kwa ile sauti yake ya chini. Wewe uliyegeuza mlango wa nyumba yako. Maji yaingie kwako bila kuitwa. Chakula kikukatae. Akanyoosha fimbo kwa mfalme. Lakini mfalme alikuwa ubavuni kwa mwenye trela, na kutoka pale juu fimbo haikuchagua. Hakuna aliyecheka. Mimi nyuma yake na beseni langu nikaona mkulima anashika magoti yake kwa mikono miwili.

Tulipigiwa makofi sana siku ile. Kuhani alirudi mjini amejaa furaha, akanunulia kikundi kizima soda.

Mvua za masika zilikuja, na mto ukavunja kingo ukaingia mashambani. Yeyote aliyewahi kuishi tambarare ya Kano, ilipo Ahero, anajua mto huvunja kingo, hata mimi ningetabiri. Lakini mpunga wa mkulima yule ulikwenda na maji, na mjukuu wake kwa yule mwana mdogo akashikwa na homa, na mzee akaacha kula.

Aliyekuja kumtafuta Kuhani alikuwa yule mwana mkubwa, aliyerukwa. Nilikuwepo, nilikuwa nimepita kuchukua mkate. Alisimama nje ya duka, nguo zimeloa matope mpaka magotini, akasubiri wanunuzi wapungue.

"Baba," akamwambia, "mzee wangu hakuli. Amelala tu, anaangalia ukuta. Hospitali wamepima, hawaoni kitu. Njoo utoe ile kitu uliweka."

"Mimi sikuweka kitu, omera, ndugu yangu. Ile ilikuwa mchezo."

"Mimi najua ilikuwa mchezo," kijana akasema. "Yeye ndio hajui."

Kuhani alikwenda kesho yake, amevaa ile suti ya kijivu, na Mwalimu akaenda naye kushuhudia. Alimweleza mgonjwa kila kitu. Alimwambia kwamba yeye ni mpishi wa mikate, kwamba Lumira haipo, kwamba fimbo ni ya ufagio na manyoya ni ya kuku. Alimwomba msamaha kwa kutumia maneno ya kweli mahali pa mchezo. Mkulima alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamwambia kwamba hajawahi kusikia mtu akiweka kitu halafu akubali kwamba ameweka. Akamwambia arudi tu nyumbani, hana maneno naye. Akageukia ukuta.

Kuhani alikuja kwetu moja kwa moja kutoka Ahero, akakaa kwenye kibaraza cha mama na suti yake yenye matope. Mama alimpa chai, hakuinywa. Alisema alikuwa amekwenda na ukweli na ukweli umekuwa kama maji kwenye jani la mgomba. Alisema yule mzee atakufa, na atakufa kwa sababu yeye, mzee wa kanisa, hakuvumilia kuchekwa na wakata miwa. Alilia, na mimi sikuwa nimemwona mwanamume wa umri ule akilia mbele ya watu. Kisha akaniuliza kama joho liko tayari. Mama yangu, aliyenikataza kila kitu maishani, alisema, "Mpe, na uende umshikie."

Tukaenda mchana, jua la utosi, ili kila mtu aone. Matope ya mafuriko yalikuwa bado kwenye kuta za boma, mstari wa kahawia kiunoni mwa nyumba. Kuhani alishuka barabarani, akavaa, nami nikashika nyuma. Tulipopita watu walitoka mashambani wakatufuata. Katika mchezo nilijua kinachofuata, hapa sikujua, na nilipomchungulia usoni nikaona naye hajui.

Mgonjwa alitolewa nje, akaketishwa kwenye ngozi. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Kuhani akasimama mbele yake, akanyamaza, kule kunyamaza kwake. Kisha akaita wana wawili waje wakae kila upande wa baba yao. Akamtaka mdogo aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, nani amemtangulia kuzaliwa. Mdogo akasema. Akamtaka mkubwa aseme kama ana kinyongo. Mkubwa akasema alikuwa nacho, sasa hana nguvu ya kukibeba. Ndipo Kuhani alipochukua beseni kwangu. Majani aliyoyatia ndani aliyapewa na bibi mmoja wa pale pale bomani, yale ambayo Wajaluo hutumia kuosha chira. Lakini sukari na chumvi alizitia yeye, kutoka mfukoni, na nilimwona, na nilijua ni hesabu ya mpishi mbele ya mtu ambaye hajala siku nyingi. Midomo yake ilikuwa ikienda wakati wote. Niliyekuwa karibu ni mimi peke yangu, na nilisikia kwamba alikuwa akisema Baba Yetu, kwa Kijaluo, tangu mwanzo mpaka mwisho na kuanza tena.

Akavuta maji kinywani, akawapulizia kifuani wote watatu, kama wazee wanavyobariki. Halafu wakanywa, baba kwanza, kisha mkubwa, kisha mdogo, kutoka beseni moja. "Nimetoa," akasema. "Nilichoweka nimetoa chote." Mkulima akafumba macho. Tukakaa pale juani na kila mtu akamtazama. Alipoyafumbua akaomba uji.

Alipona. Mkubwa akajengewa boma lake mwezi ule ule, kwa mpangilio wake, na akaacha pombe, jambo ambalo kwangu lilishangaza kuliko lile la uji.

Habari hizi zilifika Nyalenda kabla yetu. Mzee wa kanisa ameonekana Ahero amevaa manyoya, amenywesha watu dawa ya chira. Mchungaji wao alikuwa kijana, si mtu mbaya, na alimheshimu sana Kuhani. Alimwita, akamsikiliza, akaamini kila neno. Tatizo lake, alisema, ni kwamba jambo lilifanyika hadharani, na watu wawili wa kanisa walikuwa wameanza kuuliza kama nao wanaweza kwenda kwa mganga. Hivyo Kuhani atengwe, asiingie wala asishiriki meza ya Bwana, mpaka siku atakaposimama mbele ya waumini aseme kwamba ilikuwa maigizo, kwamba hana nguvu yoyote na hakutoa chochote. Lilikuwa jambo la dakika moja. Na lilikuwa kweli tupu.

Kuhani alikubali. Jumapili ilipofika alivaa suti, akafika mlangoni, akaona kwenye benchi la tatu wanawake wa Ahero waliokuja kumtembelea ndugu yao. Akageuka. Alinieleza baadaye kwamba alisikia maneno yake yakipanda gari la kwenda Ahero kabla hajayasema. Kabla ya jioni yule mkulima angejua kwamba hakuna kilichotolewa. Na kama hakikutolewa, basi bado kipo.

Nilikwenda kwa mchungaji mwenyewe, mimi na buibui langu, nikamwambia amruhusu aseme faraghani. Alinipa chai na biskuti, akaniambia ameshajaribu kufikiri njia nyingine na haioni. Akisema faraghani, waumini watabaki wakijua kwamba mzee wao ni mganga aliyesamehewa. Nilikasirika, nikatafuta mahali pa kumshika, sikupata. Kila mmoja alikuwa na haki yake na Kuhani alikuwa nje.

Na nje ndiko alikokaa. Alitengeneza benchi kwa mbao za masanduku ya mikate, akaliweka chini ya dirisha la kanisa, na kila Jumapili alikaa hapo katika suti yake. Nyimbo zilipoanza aliimba besi kutoka nje. Waliochelewa bado aliwakazia macho, na bado waliingia wameinama. Meza ya Bwana ilipotandikwa alivua kofia akaangalia chini. Mkewe alikuwa ndani, na siku za mwanzo alilia, baadaye akazoea. Joho alinirudishia nilifumue, na nililifumua, maana magunia yalikuwa mazima. Kikundi kilijaribu Kuhani mwingine, mfanyakazi wa bandarini mwenye sauti kubwa, na watu wakaacha kuja. Mwalimu alihamishiwa shule ya mbali. Lumira ikaisha hivyo.

Miaka ilikwenda. Niliolewa, nikafungua duka langu la kushona, na nilipopita Nyalenda Jumapili niliiona ile kofia chini ya dirisha, juani, na wakati wa mvua chini ya mwavuli. Uchungu niliousikia kila nilipoiona haukupungua kwa mazoea. Mtu aliyependa kanisa kama yule hakuwahi kukosa hata mara moja kuja kutokuingia.

Katikati ya miaka ya tisini, mwana mkubwa wa Ahero alikuja dukani kwangu. Alikuwa mtu mzima sasa, na kitambi kidogo. Baba yao amefariki, alisema, usingizini, mzee kabisa, wajukuu wamejaa nyumba, na alitaka nguo za mazishi kwa ajili ya wajane. Nilimpa pole kutoka moyoni. Lakini sitaficha kwamba nikiwa nampima urefu wa vitambaa, ndani yangu kulikuwa na kitu kilichorukaruka. Alipoondoka alinituma nimsalimie Kuhani. Nyumba yao, alisema, imesimama kwa maneno ya mzee yule, asisahau.

Nikangoja Jumapili, nikaenda Nyalenda. Ibada ilikuwa imeanza. Kuhani alikuwa amezeeka, mashavu yameingia ndani, na kwa kuwa alishaacha kazi hakunukia mkate tena. Nikamwambia. Akavua kofia, akaniuliza alikufaje, nikamwambia usingizini. Akauliza kama alikuwa anakula vizuri mpaka mwisho. Nikasema alikuwa anakula. Akatikisa kichwa taratibu, machozi yakamtoka, akayaacha.

"Basi ingia," nikamwambia. "Leo leo. Ingia useme, yaishe. Aliyekuzuia hayupo."

"Walikunywa watatu, nyathina."

Nilikuwa nimebeba beseni lile kwa mikono yangu, na sikuwa nimelifikiri hilo hata mara moja.

"Yule mdogo sawa, aliamini," nikasema. "Lakini mkubwa alijua ni mchezo. Alikuja akakwambia mwenyewe, mimi nikisikia. Na yupo wa kumweleza mdogo wake. Kaka atamweleza."

Nikamwambia na zile salamu, nikidhani ndizo zitakazomwinua. Alizisikiliza, nyumba imesimama kwa maneno yake, kisha akakaa anazigeuza mdomoni. Ndani mchungaji alikuwa akisoma. Mtoto mmoja alilia akatolewa nje, akatutazama, akarudishwa.

"Alijua," Kuhani akasema. "Alijua kabla hajakunywa. Tangu anywe anaamini, salamu zake umezisikia mwenyewe."

Akavaa kofia yake. Ndani wakasimama kuimba, na yeye akasimama pia, kwa kushika dirisha, maana magoti yalikuwa yamechoka.